Kirikuu kwa Zamu

Gari lilipita karibu na mlango wangu na halikusimama. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kabla ya mengine yote.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Njombe kwa njia yetu lazima apite Makambako, na nyumba yangu iko nyuma ya sheli, pale barabara ya Njombe inapokata. Mume wangu Musa alikwenda Dar kununua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Akaiendesha mwenyewe njia nzima, akafika hapa njiapanda, akaingia sheli, akajaza mafuta, akakagua upepo wa matairi, halafu akakata kushoto kwenda kwa mke wake mdogo. Ningekuwa nimetoka kuanika nguo ningemwona kwa macho yangu. Nilikuwa ndani nachambua mchele.

Habari aliniletea Ema, jirani yangu anayekaanga chapati mbele ya sheli.

"Mama Lulu, hongera ya gari," alisema. "Jeupe, dogo, zuri. Baba Lulu anacheka peke yake kwenye usukani."

"Limeelekea wapi?"

Ema akaona ameharibu. Akakumbuka ghafla kwamba ameacha unga wazi.

Nilimpigia Musa simu. Hakujisumbua hata kunidanganya. "Wiki hii ni ya kule, mama Lulu," alisema. "Ningelala kwako ningemdhulumu mwenzako."

"Nani kasema ulale? Ungesimama tu nikaiona."

"Ningesimama ungenipikia, ningekula, giza lingeingia. Unajijua."

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo tabia yake inayonichosha. Musa ni mtu wa mizani. Tangu amwoe Zamda, wiki moja anakaa kwangu Makambako, wiki inayofuata anakaa Njombe kwa yule. Akininunulia mimi kanga, mwenzangu naye anapata doti ya bei ileile. Huku anaitwa baba Lulu, kule anaitwa baba Issa, na anaitika kote kwa sauti ileile. Akina mama wa msikitini wananiambia nimebahatika kupata mume mwadilifu. Hawajui uadilifu unavyouma ukiwa wewe ndiye uliyekuwa na vyote kabla ya kugawanywa.

Zamani tulikuwa na Canter, na Canter haikuwa na maneno. Ilikuwa kubwa, chakavu, inakunywa dizeli, na nusu ya mwezi ilikuwa juu ya mawe kwa fundi. Nani atamwonea mwenzake wivu kwa gari kama lile? Mimi nanunua viazi vijijini Wanging'ombe nauza sokoni Makambako. Zamda ananunua parachichi mashambani, anawauzia wenye magari makubwa wanaozisafirisha. Kila mmoja wetu aliilaani Canter kwa wiki yake, na hapo tulikuwa kitu kimoja, ingawa hatukuwa tunaongea. Mwishowe Musa akaiuza kama vyuma, akaongezea, akaleta hicho kigari.

Mtu asiyeijua kirikuu anaweza kuicheka. Uso wake umekatwa ghafla kama mkate, matairi yake ni madogo, na dereva mnene akiingia abiria anabanwa mlangoni. Lakini nenda kaangalie siku hizi pale sokoni. Mpangaji anahama chumba, anaita kirikuu. Mwenye duka anataka kreti za soda, mjenzi anataka mifuko ya saruji na nondo zilizokunjwa, anayeoza binti anataka kupeleka kabati na godoro, wote wanaita kirikuu. Bei yake mtu wa kawaida akijikaza anaifikia. Mafuta inanusa tu. Ikiharibika, fundi yeyote mwenye spana anaifungua. Tena mwenye mzigo mdogo hangojei wenzake wajaze lori, anapakia vyake anaondoka. Wenye Canter wamebaki wanacheza bao kivulini.

Wiki yangu ilipofika, nikaapa kwamba sitaisifia. Musa aliingia nayo uani akapiga honi, nami nikatoka taratibu na ufagio mkononi, kama mtu aliyekatishwa kazi.

"Ndogo," nilisema.

"Ipande kwanza," akasema.

Kesho yake tulikwenda Wanging'ombe shambani kwa Emilia, mama ambaye nimenunua viazi kwake tangu Lulu anatambaa. Shamba lake liko bondeni. Canter ilikuwa inasimama juu barabarani, na magunia yanapandishwa kichwani na vijana mpaka shingo zinaingia mabegani. Siku ile Musa hakusimama barabarani. Akashuka na kile kinjia cha baiskeli, akapita kati ya migomba ya mama wa watu bila kugusa hata jani, akasimama kwenye lundo lenyewe la viazi. Emilia akashika kiuno.

"Mwe," alisema. "Limeingia mpaka jikoni."

Nilifika sokoni Makambako kabla ya wenzangu wote, viazi vyangu bado vina udongo mbichi. Wiki ile niliuza kama sijawahi kuuza. Wateja walinipigia simu wenyewe. Jioni nilikuwa naipangusa ile kirikuu kwa kitambaa cha uso, kitambaa changu mwenyewe, na Musa ananiangalia anatabasamu. Halafu wiki ikaisha. Musa akaiosha, akapakia begi lake, akaniaga kwa heshima zote, akaondoka nayo. Viazi nilivyokuwa nimeshalipia kwa Emilia vikabaki bondeni, vikanyeshewa.

Hapo ndipo wivu uliponikaa vizuri. Nimeshawahi kuwa na wivu wa mume, sikatai. Usiku wa kwanza alipolala Njombe nilitandika kitanda mara nyingi kisha nikalala sakafuni. Lakini wivu ule ulikuwa wa kulia, na kulia kunaisha. Huu wa kirikuu ulikuwa wa kupiga hesabu. Nilikuwa nakaa mbele ya meza yangu tupu ya viazi nawaza: sasa hivi iko wapi? Imebeba nini? Yule Zamda, mtoto wa fundi cherehani, amekaa upande gani wa kiti?

Iliporudi, nikaikagua kama polisi wa barabarani. Kwenye bodi kulikuwa na majani ya mparachichi. Dirishani kulikuwa na alama ya vidole vidogo vya Issa. Haya yote niliyameza. Lakini nilipofungua mlango wa dereva niliona kiti kimesogezwa mbele kabisa. Musa ana miguu mirefu. Akikaa pale magoti yangegusa kidevu.

"Baba Lulu, nani anaendesha gari hili?"

"Mama Issa anajifunza," alisema, kana kwamba ananiambia mvua imenyesha. "Namfundisha kidogokidogo kwenye kiwanja cha mpira."

"Na mimi je?"

"Wewe ulisema gari unaliogopa."

Nilisema hivyo wakati wa Canter, Lulu akiwa tumboni. Huyu mtu wa mizani hakufikiria kwamba maneno ya mwanamke mjamzito yanaweza kuchacha. Nilikisukuma kile kiti nyuma mpaka kikalia. Nikamwonea wivu Zamda kwa kiwanja cha mpira, kwa mkono wa Musa juu ya mkono wake kwenye gia, kwa kuchekana gari linapozimika. Sikulala.

Tulikwenda hivyo msimu mzima. Wiki yake mimi nakauka, wiki yangu yeye anakauka. Nilipata habari kwamba parachichi zake zilimlainikia ndani wakati gari liko kwangu, nikasema maskini, na moyoni sikuwa na huzuni hata ya kulamba. Siku moja Musa alifika jioni, nikampokea mlangoni. Alisimama akaniangalia.

"Mama Lulu," alisema, "umechukua ufunguo kabla ya kujibu salamu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wazo lenyewe lilinijia kwenye darasa la akina mama, msikitini. Mwalimu wetu alikuwa anafundisha haki za wake wenza. Akasema mke akipenda, kwa ridhaa yake, anaweza kumwachia mwenzake zamu yake, na hana dhambi. Wenzangu wakaguna. Mmoja akasema mwanamke wa hivyo hajapatikana Makambako. Mimi nilikuwa nimeshika kidevu. Nilitaka kuuliza kama mwenye kuachiwa zamu anaweza naye kuachia kitu, lakini sikuuliza. Niliogopa kujibiwa.

Nikampigia Zamda. Tulikuwa hatupigiani isipokuwa kwenye msiba au Idi, kwa hiyo alipokea kwa hofu.

"Dada Rukaiya, shikamoo. Kwema?"

"Marahaba. Kwema. Nina neno." Nikalitoa kama lilivyo, maana nikilizungusha lingenishinda. "Nakuachia zamu zangu. Baba watoto akae kwako. Kirikuu ikae kwangu."

Nilimsikia Issa anapiga sufuria kwa mwiko.

"Zamu zote, dada?"

"Zote. Atakuja mchana kumwona Lulu, kama baba. Kulala atalala kwako."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema na parachichi zangu je, nami ningemjibu akodi kirikuu za watu. Angetaka msimu wa mavuno ibaki kwake, mimi ningekataa, tungevutana mpaka jua lizame. Zamda hakuvuta chochote.

"Nimekubali, dada," alisema. "Allah akulipe."

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi. Mteja akikubali bei bila kubisha, roho yangu hushtuka. Nilikaa na simu mkononi, nikajiambia kwamba yule bado mdogo, hajajua gari ni nini, anajua mume tu. Nikajiambia nimempata.

Kumwambia Musa tulimwambia pamoja, sebuleni kwangu. Zamda alikuja na basi, amembeba Issa mgongoni na kunibebea mfuko wa parachichi teule. Tulikaa mkekani sisi wawili upande mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Musa alipotuona hivyo akajua hakuna heri. Nilieleza mimi. Zamda aliinamisha kichwa.

Musa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mmenigawana," alisema.

"Hapana, baba Lulu. Tumegawana gari."

"Na mimi nimeangukia upande usio na gari." Akageuka kwangu. "Hili umelitaka mwenyewe, au umeambiwa?"

"Nimelitaka mwenyewe."

"Umechoka na mimi?"

Ningesema sijachoka, ningekuwa nimesema kweli. Lakini kweli ile ingerudisha zamu, zamu ingerudisha wiki kavu, na msimu wa viazi ulikuwa mlangoni. Nikasema, "Kazi ni nyingi."

Alimaliza chai yake, yote, mpaka majani. Akatoa ufunguo mfukoni akauweka mkekani, karibu na goti langu, akaenda chumbani kukusanya nguo. Kutoka kule ndani akaita, "Koti langu la baridi liko wapi?" Nikainuka kumtafutia. Lilikuwa kwenye sanduku langu, chini ya nguo zangu, nililiweka pale lisiliwe na nondo. Nilipolitoa lilikuwa na harufu ya sanduku langu, na mkono wangu ukasita kidogo. Mkono mwingine ulikuwa na ufunguo. Nikampa koti.

Walikwenda stendi kwa miguu, yeye amembeba Issa begani, Zamda ameshika begi. Ema aliwaona wanapita.

"Baba Lulu anasafiri?" aliniuliza.

"Yuko kazini," nilisema.

Nikamwajiri Romanus, Mbena mtulivu ambaye haulizi maswali na haendeshi kwa fujo. Sitaki kusema uongo: nilifanikiwa. Viazi vyangu vilijulikana. Siku zisizo na viazi kirikuu ilikuwa inakodishwa tangu alfajiri, leo mbolea, kesho vyombo vya harusi, keshokutwa mbao. Nilipaka ukuta rangi. Nikamnunulia Lulu kitanda chake. Wanawake wenzangu sokoni walianza kunitazama kwa lile jicho ambalo mimi nalijua kuliko wao, na nilifurahi. Kuonewa wivu baada ya kuona wivu muda wote ule ni kama kuota moto.

Musa alikuja mchana kumwona Lulu, kama tulivyopatana. Alikaa kwenye kiti cha wageni, mwishoni mwishoni, akanywa chai, akamsahihisha binti yake hesabu, akaniuliza hali. Kirikuu ikiwa uani alipita pembeni yake bila kuigusa. Alikuwa amenenepa kidogo. Sweta lake lilikuwa jipya, la kufumwa kwa mkono. Alasiri ikiadhiniwa anaswali, anaaga, anawahi basi. Nikimsindikiza mpaka mlangoni naona anavyoharakisha hatua.

Nilitaka Zamda anione. Ndiyo, hilo nalitamka wazi. Kushinda mahali ambapo uliyemshinda hakuoni hakushibishi. Alipotokea mwalimu mmoja anayehamishiwa Njombe na vyombo vyake, Romanus angeweza kwenda peke yake, lakini nilivaa baibui jipya, nikajipaka wanja, nikapanda mbele. Nilipanga tukishusha vyombo tupite kwa Zamda. Ningeshuka taratibu. Ningemwambia sikai, nina kazi, nimepita tu kuwajulia hali. Angeniona nafunga mlango wa gari langu kwa mkono wangu.

Njombe kulikuwa na baridi na manyunyu. Tukashusha vyombo vya mwalimu, tukakata ile barabara ya udongo inayopanda kwenda kwa Zamda, nyembamba, ina mtaro upande mmoja. Mbele yetu kulikuwa na watu wawili wanapanda, mgongo kwetu. Mwanamume amebeba kreti ya parachichi begani. Mwanamke ameshika upande mmoja wa mfuko, na upande wa pili ameshika mwanamume huyohuyo kwa mkono uliobaki. Walikuwa wanaongea. Mwanamke alisema kitu, na mwanamume akacheka mpaka kreti ikayumba, parachichi moja likaanguka, akaliacha.

Nililijua lile koti kabla ya kumjua mwenyewe.

Nimekaa na Musa tangu nina umri wa kuolewa. Nimepakia naye magunia miaka yote ya Canter, na Musa alikuwa anakaa kwenye usukani, anaangalia kwenye kioo, anasema ongezeni kushoto. Hajawahi kubeba gunia langu. Hakuwa mvivu. Alikuwa dereva, na dereva habebi. Nilipomnyang'anya usukani sikujua kwamba nampa Zamda mabega, na mkono wa kushika mfuko, na hizo saa zote za kupanda kilima wakiongea. Kama ningejua kwamba ndani ya yule mtu wa mizani kuna huyu, ningeitupa kirikuu mtoni.

"Si baba Lulu yule?" Romanus aliuliza, mtu asiyeuliza maswali.

"Piga honi," nikasema.

Akapiga. Nikajiweka sawa baibui, nikashusha kioo, nikatayarisha uso. Sijui nilikuwa natayarisha uso gani.

Musa hakugeuka. Kirikuu nyeupe Njombe zimejaa, zinapanda kile kilima kutwa nzima, na nani ageuke kuangalia kila moja? Aliachia mfuko, akamshika Zamda kiwiko, akamvuta pembeni kwenye majani ili tusimrushie matope. Kisha, macho yake yakiwa bado kwa mke wake, akatupungia mkono tupite.

Tukapita.